Mto Thames na Vyombo vyake vya Matembezi

SOMO LA HISTORIA KWA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

(Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya somo kuanza andika ubaoni maneno haya, na wanafunzi wayasome kwa sauti: mkondo, gati, nauli, mwanagenzi, nahodha, mvuke. Kama ipo ramani ya Uingereza, itundike mahali ambapo kila mtu ataiona.)

Fungueni vitabu vyenu, na asiye na kitabu akae karibu na mwenziwe.

Leo tutasoma habari za mto mmoja wa Uingereza uitwao Thames. Mto huu unapita katikati ya London, mji mkuu wa nchi ile. Kila siku wageni wengi hupanda vyombo katika mto huo. Hawaendi kazini, wala hawavuki kwenda sokoni. Wanalipa nauli ili wakae juu ya maji na kuutazama mji.

Huenda mmoja wenu akauliza, "Je, matembezi ya starehe ni jambo la kusomwa katika historia?" Naam, ni jambo la historia. Chombo kile cha matembezi kina babu na baba. Babu yake ni mashua ya mpiga makasia, na baba yake ni meli ya moshi. Tena sheria zinazomlinda abiria wake hazikuandikwa bure. Nyingine ziliandikwa baada ya watu wengi kufa maji. Hilo ndilo jambo ninalotaka mlishike katika somo la leo.

1. BARABARA YA MAJI

Mto Thames una urefu wa maili 215 hivi, yaani kilomita 346. Unaanzia katika nchi ya vilima upande wa magharibi, unapita mji wa Oxford, unaingia London, kisha unamwaga maji yake katika Bahari ya Kaskazini.

Ninyi mnaokaa pwani mtaielewa upesi tabia ya mto huu. Maji yake pale London hujaa na kupwa kama maji ya bahari. Wakati wa bamvua, maji huweza kupanda na kushuka mita 7 hivi. Mkondo wake una nguvu. Mtu mwenye mashua hakushindana nao, bali alingoja umchukue.

Warumi ndio waliojenga mji ukingoni mwa mto huu, karibu mwaka 50 baada ya kuzaliwa Kristo. Kwa mamia ya miaka mto ulikuwa ndiyo barabara kuu ya mji. Njia za nchi kavu zilikuwa nyembamba, zenye matope, na wezi walikuwa wengi. Basi tajiri na maskini walisafiri kwa maji. Mfalme alikuwa na nyumba zake kando ya mto, huko Greenwich, Westminster na Hampton Court, naye alitoka moja hadi nyingine kwa mashua kubwa iliyopambwa. Hata wafungwa wengi wa serikali walipelekwa katika ngome iitwayo Tower of London kwa mashua. Lango walimopitia liko hata leo, na linaitwa Lango la Wasaliti.

Daraja la mawe lilikuwa moja tu mjini, nalo ndilo London Bridge, lililomalizika mwaka 1209. Lilisimama juu ya nguzo nene 19. Nguzo hizo zilibana mto hata maji yakaporomoka kwa kishindo katikati yake. Kupita chini ya daraja maji yanapokupwa ilikuwa hatari. Abiria wenye busara walishuka kabla ya daraja, wakatembea kwa miguu, wakapanda mashua tena upande wa pili. Abiria wenye haraka walibaki chomboni, na wengine wao hawakufika.

2. WAPIGA MAKASIA

Watu waliowachukua abiria walikuwa wapiga makasia. Walikaa kwenye ngazi za mawe zilizoshuka mtoni, wakiita wateja kwa sauti kubwa, kama utingo wa basi anavyoita stendi. Wengine waliwadai abiria nauli kupita kiasi. Wengine hawakuijua kazi, wakapindua mashua na kuua watu.

Kwa hiyo Bunge liliingilia kati. Mwaka 1514, wakati wa Mfalme Henry VIII, ilitungwa sheria ya kuweka kiwango cha nauli. Mwaka 1555 ikatungwa sheria nyingine, iliyoweka wasimamizi wa wapiga makasia wote wa mto. Tangu hapo kijana aliyetaka kazi hii ilimpasa kuwa mwanagenzi, yaani kufundishwa kwanza chini ya mtu mzoefu. Baadaye muda wa kujifunza ukafika miaka 7. Alijifunza kujua mkondo, upepo, nguzo za daraja na mafungu ya mchanga. Chama cha watu hao kingali kipo London hata leo, na vijana wangali wanafundishwa kazi ya mto.

Angalieni jambo hili. Sheria ya kwanza ililinda mfuko wa abiria. Ya pili ililinda roho yake.

Yako mashindano ya makasia yaliyoanza mwaka 1715. Mwigizaji mmoja wa michezo ya kuigiza, Thomas Doggett, aliyezaliwa Ireland, aliweka zawadi ya koti na beji kubwa ya fedha kwa vijana waliomaliza uanagenzi. Hushindana kutoka London Bridge mpaka Chelsea, zaidi ya kilomita 7. Mashindano hayo yamedumu zaidi ya miaka 300.

Lakini kazi yenyewe ilianza kupungua. Mwaka 1750 lilifunguliwa daraja la pili mjini, huko Westminster. Wapiga makasia walilipinga sana, maana kila anayevuka kwa miguu ni nauli iliyopotea. Walilipwa fidia, lakini fidia huliwa ikaisha. Madaraja mengine yakafuata, moja baada ya jingine.

3. MELI ZA MOSHI

Mwaka 1815 meli ya moshi iitwayo Margery ilianza kuchukua abiria kutoka London mpaka mji wa Gravesend, karibu na mlango wa mto. Meli kama hiyo ilikuwa na tangi la kuchemshia maji, na mvuke wake ulizungusha magurudumu mawili makubwa yaliyokuwa ubavuni. Magurudumu yalipiga maji kama makasia mengi kwa pamoja. Chombo hakikuhitaji tena kungoja mkondo.

Hapo ndipo matembezi ya watu wengi yalipoanza. Zamani aliyetembea mtoni kwa starehe alikuwa mfalme au bwana mwenye mashua yake. Sasa fundi wa viatu, mshona nguo na karani waliweza kuchukua wake zao na watoto wao, wakaenda Gravesend asubuhi na kurudi jioni. Huko walikuta bustani, muziki na hewa safi. Kwa mtu aliyekaa mwaka mzima katika chumba kimoja cheusi kwa moshi wa makaa, siku moja mtoni haikuwa jambo dogo.

Meli zilipozidi, wenye meli walianza kugombania wateja. Nauli ilishuka mpaka nusu peni kwa safari fupi za mjini. Mwaka 1847 meli moja ya nauli hiyo, jina lake Cricket, ilipasuka tangi la mvuke ikiwa gatini na abiria ndani. Watu kadhaa walikufa. Tangi la mvuke huwa na kifuniko kidogo kinachofunguka chenyewe mvuke ukizidi. Cha Cricket kilikuwa kimefungwa kisifunguke.

4. JIONI YA TAREHE 3 SEPTEMBA, 1878

Sasa, ndugu wanafunzi, tunafika katika sehemu nzito ya somo letu. Sikilizeni kwa makini.

Meli ya matembezi iitwayo Princess Alice ilikuwa inarudi London siku ya Jumanne, tarehe 3 Septemba, 1878. Ilikuwa imejaa watu, wengi wao wakiwa baba na mama pamoja na watoto wao, waliokwenda kustarehe Gravesend na Sheerness. Jua lilikuwa limekwisha kutua.

Karibu saa 2 kasoro robo za usiku meli ilifika penye kona ya mto, si mbali na Woolwich. Mbele yake ilitokea meli kubwa ya chuma iitwayo Bywell Castle, iliyokuwa inakwenda kuchukua makaa. Manahodha hawa wawili hawakuelewana kila mmoja apite upande gani. Bywell Castle iliipiga Princess Alice ubavuni na kuikata. Katika muda wa dakika 4 hivi meli ya matembezi ilizama.

Watu zaidi ya 600 walikufa. Hesabu kamili haikujulikana, wala haitajulikana, kwa sababu hakuna aliyeandika ni watu wangapi waliopanda.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Princess Alice ilikuwa na cheti cha serikali. Cheti kilisema iliruhusiwa kuchukua abiria 936. Sasa vifaa vyake vya kuokolea vilikuwa vingapi? Mashua 2 na maboya 12. Gawanyeni wenyewe hapo darasani: abiria 936 kwa maboya 12. Jibu ni abiria 78 kwa kila boya moja. Kwa cheti kile, meli haikuwa imevunja sheria ya idadi ya abiria. Sheria yenyewe ndiyo iliyokuwa na tundu.

Tena kulikuwa na uchafu. Miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 1858, mto ulinuka vibaya hata wabunge wakashindwa kukaa katika jengo lao. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa ya chini ya ardhi, ikachukua maji machafu ya mji na kuyamwaga mbali, upande wa mashariki. Kazi hiyo iliwaokoa watu wengi na kipindupindu. Lakini mahali palipomwagwa uchafu palikuwa karibu na pale ilipozama Princess Alice, na jioni ile mifereji ilikuwa imefunguliwa. Watu walizama katika maji ya taka. Wengine waliotolewa wakiwa hai walikufa siku zilizofuata.

Maiti wengi hawakutambuliwa, wakazikwa pamoja huko Woolwich. Msalaba wa mawe umesimama juu ya kaburi lao. Haukujengwa na tajiri mmoja. Zaidi ya watu 23,000 walichanga kila mtu peni 6, yaani nusu shilingi, sawa na sumuni.

Baada ya msiba huo mambo yalianza kutengenezwa. Ilikaziwa kanuni kwamba vyombo vikikutana uso kwa uso, kila kimoja kielekee kulia kwake. Askari wa mtoni, ambao walikuwa wakipiga makasia tu, walipewa mashua za mvuke. Na tangu mwaka 1887 taka nzito zilichukuliwa kwa meli na kutupwa baharini, badala ya kumwagwa mtoni.

5. MTO WA KAZI UNAKUWA MTO WA WAGENI

Mwaka 1905 Halmashauri ya London ilinunua meli 30 ili watu waende kazini kwa maji. Lakini wakati huo zilikuwapo treni za chini ya ardhi na tramu. Abiria hawakutosha, na mwaka 1907 meli hizo zikaondolewa. Hapo ilionekana wazi kwamba mtu mwenye haraka hupenda treni. Aliyebaki mtoni ni yule asiye na haraka, yaani mtembezi.

Vita vilipokuja, mwaka 1940, meli nyingi za matembezi zilikwenda Dunkirk, Ufaransa, kuwaokoa askari waliozungukwa na majeshi ya Ujerumani. Meli iliyozoea kuchukua watoto na vikapu vya chakula ilirudi na majeruhi, na nyingine hazikurudi.

Baada ya vita bandari ya London ilianza kuhama. Meli za makontena ni kubwa mno, zikahitaji maji marefu karibu na bahari. Gati moja baada ya jingine lilifungwa, na mwaka 1981 magati makubwa ya mwisho ya mashariki ya mji yakafungwa. Maelfu ya wapakuzi walipoteza kazi. Wakati huohuo maji yalisafishwa. Mwaka 1957 wataalamu walisema mto katika sehemu za London umekufa, hauna samaki. Mwaka 1974 samaki aina ya salmoni alionekana tena. Mto ukawa mtulivu na safi zaidi, na wageni wakaongezeka.

6. MSIBA WA PILI

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Agosti, 1989, chombo cha matembezi kiitwacho Marchioness kilikuwa na vijana waliofanya sherehe ya siku ya kuzaliwa. Kilijengwa mwaka 1923. Karibu saa 8 kasoro robo za usiku, meli ya kuchota mchanga iitwayo Bowbelle, kubwa zaidi kwa mbali, ilikigonga kwa nyuma, karibu na daraja la reli la Cannon Street. Kilizama upesi sana. Watu 51 walikufa.

Meli zote mbili zilikuwa zikienda upande mmoja. Hapakuwa na dhoruba. Uchunguzi ulionyesha kwamba hapakuwa na ulinzi mzuri wa macho katika vyombo vyote viwili. Yaani hakuna aliyetazama inavyopasa.

Jamaa za waliokufa hawakukubali kunyamaza. Walidai kwa miaka mingi uchunguzi wa wazi, na ukafanyika mwaka 2000 na 2001. Mwezi wa Januari, 2002, vituo 4 vya mashua za uokoaji vilifunguliwa katika mto Thames. Mashua hizo ziko tayari usiku na mchana.

7. SAFARI YA LEO

Sasa na tupande chombo pamoja, kwa mawazo. Tunaanzia gati la Westminster. Abiria wanahesabiwa, na wanaambiwa maboya yako wapi. Nyuma yetu ni jengo la Bunge na mnara wa saa. Upande wa kulia liko gurudumu kubwa la kutazamia mji, lenye urefu wa mita 135, lililofunguliwa mwaka 2000.

Tunapita chini ya Daraja la Waterloo. Wakati wa vita wanaume wengi walikuwa jeshini, na wanawake walifanya sehemu kubwa ya kazi ya kulijenga, hata likaitwa Daraja la Wanawake. Upande wa kushoto tunaliona kuba la kanisa la Mtakatifu Paulo, kazi ya Christopher Wren. Upande wa kulia uko ukumbi wa michezo uliofunguliwa mwaka 1997 kwa mfano wa ule wa Shakespeare. Halafu tunapita pale ilipozama Marchioness, kisha London Bridge, ngome ya Tower, na Daraja la Tower la mwaka 1894, ambalo hufunguka katikati kupitisha meli.

Kando ya daraja hilo lipo jengo liitwalo Nyumba ya Pembe. Humo ziliwekwa pembe za ndovu. Sisi watu wa Afrika Mashariki tukisikia neno hilo tunajua lilikotoka. Katika karne ya 19 pembe nyingi zilitoka bara mabegani mwa wapagazi, wengine huru na wengine watumwa, zikafika Bagamoyo na Unguja, na nyingine zikapelekwa London kuuzwa. Mtembezi huliona jengo zuri. Msomaji wa historia huuona na mzigo.

Mwisho tunafika Greenwich. Hapo mwaka 1675 kilianzishwa kituo cha kutazama nyota, na mwaka 1884 mataifa yalikubaliana kuhesabu saa za dunia kuanzia hapo. Saa zetu za Afrika Mashariki ziko mbele ya za Greenwich kwa saa 3.

8. FUNDISHO KWETU

Wahenga walisema, "Ajali haina kinga." Ni maneno ya kumfariji aliyefiwa, na mahali pake ni matangani. Lakini yasiwe maneno ya mwenye chombo wala ya mkaguzi. Mto Thames umetufundisha kwamba ajali nyingi zina kinga. Kinga ni kuhesabu abiria, kuwa na maboya ya kutosha, kuwa na nahodha aliyefundishwa, na kutazama mbele.

Nasi tumepata misiba yetu. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kuchukua abiria 101, lakini waliokufa peke yao walizidi 220.

Hapa ndipo masomo yenu yanapoingia, ndugu wanafunzi. Kwenye kivuko hubandikwa kibao kinachosema idadi ya abiria wanaoruhusiwa. Mtu asiyejua kusoma hupita mbele ya kibao hicho kama anavyopita mbele ya ukuta. Ninyi sasa mnajua kusoma maneno na tarakimu. Siku mtakaposafiri, kisomeni. Tazameni watu waliomo. Kama wamezidi, semeni, tena shukeni. Kungoja kivuko kingine si aibu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini watu wa zamani wa London walipenda kusafiri kwa mto?
2. Sheria ya mwaka 1514 ilikuwa na kazi gani? Na ile ya 1555?
3. Kwa nini hesabu ya waliokufa katika Princess Alice haijulikani kamili?
4. Fikirini chombo kimoja mnachokijua, kiwe kivuko, mashua au basi. Kinaruhusiwa kuchukua watu wangapi? Kwa kawaida kinachukua wangapi? Nani ana wajibu wa kuhesabu?

KAZI YA KUANDIKA: Andika mistari 5 juu ya safari moja uliyofanya kwa maji au kwa barabara. Taja siku, mahali, na nauli uliyolipa.

Ndugu wanafunzi, somo letu limekwisha. Wale wenye safari wiki hii, nawatakia safari njema. Kwaherini.